Mashudu yanavuka mpaka, maziwa yanapungua

MAZIWA yanapopungua kiangazi, wafugaji wa Mwanza hulaumu uhaba wa majani. Lakini hata ng'ombe aliyeshiba majani makavu hutoa maziwa kidogo. Kinachokosekana ni naitrojeni, ambayo vijidudu vya tumboni mwake huigeuza kuwa protini.

Mashudu ya pamba yanayo, na viwanda vya kukamua mafuta viko Kanda ya Ziwa. Tatizo ni soko: watengenezaji wa chakula cha mifugo wa Kenya nao huyanunua, na mfugaji wa kilo mbili tatu hawezi kushindana nao. Wakinunua kwa pamoja msimu wa pamba, wakahifadhi, wana nafuu.

Asiyeyamudu ana majani makavu ya mpunga ya Misungwi na Magu. Kilo 4 za urea huyeyushwa kwenye maji, hunyunyiziwa kilo 100 za majani, kisha hufunikwa kwa nailoni wiki 3. Yapunge hewa kabla ya kulishwa pamoja na pumba, ndama wasipewe. Urea ikizidi huua.

Bila mipango hiyo, mashudu ya Kanda ya Ziwa yataendelea kunenepesha ndoo za jirani.