Usikimbilie Biolojia ili kutoroka hesabu

UNAMJUA huyu msee. Pengine ni rafiki yako, pengine ni wewe mwenyewe. Matokeo ya KCSE yametoka, tovuti ya KUCCPS imefunguliwa, na mmeinamia simu moja mkipitia orodha ya kozi. Ukimuuliza anataka kusomea nini, anajibu haraka: “Kitu cha Bayo. Mimi na hesabu tulishaachana.”

Tunaelewa anakotoka. Tangu shuleni tumezoea kugawanywa. Kuna watu wa hesabu, ambao kila mtu anatarajia wawe wahandisi. Kisha kuna watu wa Biolojia, wanaosifiwa kwa kukariri na kuchora moyo wa mamalia ukapendeza. Mgawanyo huo si wa kweli, na ukiubeba hadi chuo kikuu utakugharimu miaka minne.

Rudi kwenye kitabu chako cha kidato cha tatu, mada ya ikolojia. Kuna swali la samaki ambalo wengi huliruka. Unavua samaki 200 bwawani, unawatia alama na kuwarudisha majini. Baada ya siku kadhaa unavua 150, na kati yao 30 wana alama. Bwawa lina samaki wangapi? Unazidisha 200 kwa 150, unagawanya kwa 30, unapata takriban 1,000. Hujakausha bwawa wala hujapiga mbizi. Hiyo ni Biolojia au ni Hisabati? Ni zote mbili, na ulishaifanya kabla ya kufika chuo.

Hesabu za aina hiyo ndizo zilizojibu swali gumu kuhusu malaria. Mnamo 1897, daktari Mwingereza Ronald Ross, akiwa India, aliona kimelea cha malaria ndani ya mbu. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Lakini wapo waliompinga: kuna faida gani kupambana na mbu, na hakuna atakayeweza kuwamaliza? Hadubini haikuweza kumsaidia hapo. Ross alichukua kalamu, na kufikia 1908, baada ya kuchunguza malaria kisiwani Mauritius, alionyesha kwa hesabu kwamba si lazima mbu wote wafe. Wakipungua chini ya kiwango fulani, ugonjwa wenyewe hufifia.

Jaribu mwenyewe kwa kikokotoo. Kila mgonjwa akiambukiza watu wawili, mgonjwa mmoja atakuwa amezaa wagonjwa 1,024 katika duru ya kumi. Sasa anza na wagonjwa 1,000, lakini kila wawili waambukize mtu mmoja tu. Duru ya kumi ikifika, hata mgonjwa mmoja hatimii. Ndiyo maana chandarua husaidia kijiji hata kama mbu bado wanaimba nje.

Chukua ukambi pia. Mahali ambapo hakuna aliyekingwa, mgonjwa mmoja huweza kuambukiza watu 12 hadi 18. Tuseme 15. Asilimia 80 ya watoto wakiwa na kinga, bado anabaki na watatu wa kuambukiza, na ugonjwa unaendelea kusambaa. Ili aambukize chini ya mmoja, lazima zaidi ya watoto 14 kati ya kila 15 wawe wamekingwa, yaani zaidi ya asilimia 93. Ukisikia wahudumu wa afya wakisisitiza asilimia 95 ya chanjo, usidhani ni namba iliyotolewa hewani.

Sasa tuje kwa kozi zenyewe. Humu nchini, njia inayojulikana zaidi ya kusoma masomo haya mawili pamoja ni Shahada ya Elimu ya Sayansi, ukichagua Hisabati na Biolojia. Njia nyingine ni shahada ya takwimu za kibiolojia, inayofundishwa katika vyuo kama JKUAT. Msingi huo unaweza kukupeleka kwenye utafiti wa magonjwa, kilimo au wanyamapori. Kule Kilifi, katika kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome kilichoanza 1989, madaktari na wataalamu wa takwimu hufanya kazi pamoja.

Hatutakudanganya, si mteremko. Utakuwa na idara mbili, na kila moja itakuona kama mgeni wa ile nyingine. Asubuhi unapambana na kalkulasi, mchana uko maabara hadi jioni, na ratiba zinaweza kugongana. Ukichagua ualimu, unajua kuna walimu waliohitimu ambao bado wanasubiri kuajiriwa na TSC. Na ukisubiri tangazo la kazi lenye jina kamili la shahada yako, utangoja sana. Waajiri hutafuta ujuzi: mtu anayeelewa ugonjwa au mmea, na pia anayeweza kusoma data bila kutetemeka.

Kwa hivyo kabla ya kubonyeza, fanya mambo manne. Soma orodha ya masomo ya kozi hiyo mwaka baada ya mwaka, uone kama Hisabati ipo kweli au imewekwa ya kupamba. Angalia gredi ya Hisabati inayohitajika. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu, si wa kwanza, umuulize nani alibaki na nani alihama, na kwa nini. Mwisho, uliza kama wanafundisha programu za kompyuta za takwimu. Mojawapo, iitwayo R, ni ya bure, na unaweza kuanza kujifunza saa hii ukipata laptopu ya kuazima.

Lawama si za wanafunzi pekee. Mwalimu wa Biolojia anayesema “hiyo ya samaki mtajisomea” anamfungia mtu mlango bila kujua. Na vyuo vinavyochukua karo ya masomo mawili viketi meza moja na kupanga ratiba moja, badala ya kumwacha kijana akimbie kati ya majengo mawili.

Kenya bado inazika watoto kwa sababu ya malaria. Ni nani apewe chanjo kwanza, na vyandarua vipelekwe wapi, ni maamuzi yanayofanywa kwa namba. Tungependa meza hiyo iwe na vijana waliokulia Siaya na Busia, wanaomjua mbu na wasioogopa hesabu.

Kama Biolojia unaipenda, isomee. Ila usiiendee kwa kutoroka. Leo usiku, fungua kile kitabu cha kidato cha tatu, ulifanye lile swali la samaki.