Msituuzie Yesu kwa bei ya bumu

Leo sina stori za mapindi wala za foleni ya msosi. Nimeshuka nyumbani Makorora kwa likizo fupi, joto la Tanga linanichemsha, na moyoni nina jambo ambalo nisipolisema nitapasuka. Linahusu imani, tena imani yangu mwenyewe. Ndugu zangu Waislamu, ambao ndio majirani zangu wengi hapa mtaani, mniwie radhi, leo nawasema wa kwetu.

Mwenzangu mmoja tunayekaa naye chumba kimoja hosteli alipata bumu lake baada ya kulisubiri wiki kadhaa. Kabla hajalipa deni la chakula, kabla hajamtumia hata shilingi mama yake anayeuza vitumbua, akalipeleka lote kwa mtumishi mmoja mgeni aliyekuja kufanya semina karibu na chuo. Aliambiwa apande mbegu, mavuno yatarudi mara mia. Hayakurudi. Alipokwenda kuuliza akajibiwa kwamba imani yake ni haba. Sasa anashindia uji, na kibaya kuliko njaa, anaamini kwamba Mungu amemkataa. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Njaa tutagawana, mihogo ipo. Lakini mtu akishavunjwa moyo kwa jina la Yesu, nitamrudishia nini?

Halafu tukumbushane, bumu ni mkopo. Akipata kazi, Bodi ya Mikopo itamkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ndivyo sheria ilivyo tangu ibadilishwe mwaka 2016. Kwa hiyo huyo mtumishi kala leo, na mwenzangu atakuja kulipa kwa miaka!

Najua kuna watakaosema, "Kwani wewe hutaki watu wapate uamsho wakati wa shida?" Nautaka sana. Tena uamsho wa kweli, huku kwetu Afrika Mashariki tunaujua sura yake.

Mwaka 1928 njaa kali iliipiga Rwanda mashariki. Pale Gahini kulikuwa na hospitali ya misheni, na daktari kijana Mwingereza, Joe Church, alifika njaa ikiwa imepamba moto. Mwaka uliofuata akaenda Kampala akiwa hoi, mwili na roho. Hapo Namirembe akakutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi, wakakaa chini wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, akaenda kufundisha Gahini, na kufika katikati ya miaka ya 1930 moto ulikuwa umewaka: Rwanda, Uganda, ukavuka mpaka Kenya na huku Tanganyika. Wimbo wa Tukutendereza tunaouimba mpaka leo ulienea na moto huo.

Sasa sikilizeni alama ya uamsho ule ilikuwa nini. Watu walitubu hadharani, kisha wakaanza kurudisha. Aliyeiba alirudisha. Aliyedhulumu alikwenda kwa aliyemdhulumu. Mwafrika na mzungu waliombana msamaha, jambo ambalo enzi za ukoloni halikuwa dogo. Ni yaleyale ya Zakayo, ambaye wokovu ulipoingia nyumbani kwake mfuko wake ulifunguka kwenda kwa maskini na kwa aliowanyang'anya.

Linganisheni basi. Uamsho ule ulirudisha mali kwa wenyewe. Huu tunaoletewa chuoni unaichukua kwa asiyenacho. Vyote viwili vinaitwa uamsho, ila mi naona vimepeana mgongo.

Na madhara yake si ya mfukoni tu. Tarehe 1 Februari 2020, uwanja wa Majengo pale Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kuwahi kukanyaga mafuta ya upako. Siwacheki marehemu wale, Mungu awarehemu. Walikuwa watu wenye magonjwa, madeni na watoto wa kusomesha. Ninachouliza ni hiki: nani alitufundisha kwamba neema ya Mungu ni kitu cha kukimbilia kabla hakijaisha? Neema inayoisha ni neema gani hiyo?

Watu wa Tanga hatuna hata sababu ya kudanganyika. Hapo Hegongo, Muheza, ndipo alipofia Askofu Frank Weston mwaka 1924. Alikuwa askofu wa Zanzibar, na dayosisi yake ilifika mpaka huku Magila na Korogwe. Mwaka 1920 aliandika kijitabu cha kuishambulia serikali ya nchi yake mwenyewe, Uingereza, kwa kuwalazimisha Waafrika kazi. Na mwaka 1923 aliwaambia Waanglikana wenzake London kwamba kumwabudu Yesu altareni huku ukimpita akiwa hoi kwenye vibanda vya maskini ni kujidanganya. Sisemi alikuwa malaika, alikuwa mtu wa zama zake. Lakini aliijua njia ambayo imani inapaswa kuelekea.

Nisieleweke vibaya. Sadaka si dhambi. Hospitali Teule ya Muheza ilitokana na misheni, na wangapi humu ukoo wenu umetibiwa pale? Sadaka ya namna hiyo unaweza kuifuata na daladala ukaiona. Ya mtumishi wetu mgeni utaifuata wapi?

Na kuhusu hili la "imani haba", someni Ayubu, jamani. Rafiki zake walikuja na maelezo marefu kwamba kateseka kwa sababu kakosea. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia hao hao marafiki! Anayemwambia mwanafunzi mwenye njaa kwamba tatizo ni imani yake, ajue amekaa kiti cha nani.

Uamsho wakati wa shida nimeuona kwa macho yangu, hapa hapa Makorora. Baba alipopunguzwa kazi kiwandani alinyamaza miezi. Hali, hasemi, anatazama ukuta. Kina mama wa jumuiya wakawa wanakuja jioni, wanaomba, na chini ya kanga wamebeba unga na mafuta ya taa. Hakuna aliyemwahidi gari. Taratibu akaanza kuamka alfajiri kusali. Siku moja akavaa viatu, akaenda mwenyewe kwa mzee wa dukani, Mwislamu, ambaye tulikuwa tunamkwepa kwa sababu ya deni, wakakubaliana alipe kidogo kidogo. Akalimaliza. Kazi haikurudi, lakini baba alirudi. Huo kwangu ni muujiza, na haukutozwa kiingilio.

Kwa hiyo nina hoja tatu kwa ushirika wetu wa chuo. Moja, mtumishi yeyote anayetaka kukusanya sadaka kwa wanafunzi asome mahesabu mbele yetu, senti kwa senti, au asikusanye kabisa. Mbili, tuanzishe chungu chetu wenyewe, kila mwenye bumu aweke kidogo, lake likichelewa ale. Na asiulizwe dhehebu wala dini. Tatu, marufuku kumwambia mtu mwenye shida kwamba imani yake ni haba. Keti naye kwanza. Ukishindwa kukaa naye, nyamaza.

Nikirudi chuo nitazisimamia hoja hizi kwenye kikao cha kwanza cha ushirika, mbele ya viongozi wote. Nimeshaambiwa na watu wawili kwamba nitaonekana nampinga mtumishi wa Mungu. Sawa tu. Anayeona nimekosea aje na Biblia yake na hesabu zake, tuzungumze. Na ambaye naye bumu lake lilikwenda njia hiyo hiyo, aje pia. Hatutamcheka, na chungu kitakuwepo.

Kazi kwenu.