Eti "ni matone tu"

Jameni, tuongee kidogo kuhusu hii maneno ya bitasi.

Juzi Ijumaa nilikaa kaunta ya baa moja hapa Nairobi, jina nitaliacha, nikaagiza Old Fashioned. Jamaa akamimina wiski, akatia sukari, akakoroga na barafu, akakata ganda la chungwa, akanisukumia glasi. Nikamuuliza, "Na bitasi?" Akacheka. "Hiyo iliisha, bosi. Lakini ni matone tu, hata hutasikia tofauti."

Nilisikia. Fundo la kwanza sukari, fundo la mwisho sukari. Na bili ikaja bei ileile, hakuna cha kupunguziwa.

Kama hujawahi kuiona, bitasi ni pombe kali iliyolowekwa mizizi, magome na viungo mpaka ikawa chungu kweli kweli, uchungu wa kukukumbusha mwarobaini wa nyanya. Huinywi hivyo. Unaidondosha, mara mbili tatu, basi. Kazi yake ni kama ya chumvi kwenye maharagwe. Hakuna mtu husifu chumvi, lakini mpishi akiisahau meza nzima inajua. Uchungu unakata sukari, ile harufu ya viungo inashikanisha wiski na chungwa. Manhattan nayo ni hivyohivyo, kwa sababu vermuti ni tamu na inahitaji kitu cha kuituliza. Pisco Sour ya Peru wao huweka matone juu ya povu, ndio pua ionje kabla ya mdomo. Akili sana hiyo.

Na si pambo lililoongezwa juzi. Mwaka wa 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, lilimweleza msomaji kokteli ni nini: pombe kali, sukari, maji na bitasi. Vitu vinne. Kwa hivyo ukitoa bitasi, kwa hesabu ya wale wazee, umeniuzia wiski yenye sukari.

Ile chupa maarufu yenye karatasi iliyozidi shingo, Angostura, ilitengenezwa 1824 na daktari Mjerumani, Johann Siegert, akiwa Venezuela na jeshi la Simón Bolívar. Ilikuwa dawa ya tumbo. Angostura lilikuwa jina la mji. Leo unaitwa Ciudad Bolívar, na chupa yenyewe hutoka Trinidad. (Sisi pia tuna Dawa yetu, ya vodka, ndimu na asali. Hiyo haitaki bitasi, tafadhali msiiguse.)

Najua mtasema ni ghali. Sawa, chupa si rahisi. Lakini piga hesabu: hata ukitumia mililita 2 kwa kila glasi, chupa ya mililita 200 inatoa glasi 100. Glasi mia! Nani anafilisika hapo?

Sasa kinachoniuma zaidi ni hiki. Rafiki yangu ameacha pombe, mwaka wa pili huu, na haikuwa rahisi. Tukiwa mahali pengine, si ile baa ya Ijumaa, akaomba kitu kisicho na kilevi. Akaletewa soda yenye ndimu na rangi nzuri ya waridi, akaambiwa, "Hii haina kitu." Mimi na kiherehere changu nikaomba kuona chupa iliyotumika. Angostura. Asilimia 44.7, imeandikwa hapo hapo. Ndiyo, kwenye glasi kubwa ya soda ni kiasi kidogo sana, na wengi hawatajali. Yeye alijali. Aliweka glasi chini na hakusema neno mpaka tukaita teksi. Mtu aliyeapa kutogusa, au anayekatazwa na dini yake, anafaa kuambiwa ili aamue mwenyewe.

Nilipouliza kaunta, nadhani unajua jibu. "Ni matone tu."

Yaani kwangu yalikuwa madogo kiasi cha kuachwa, na kwake yakawa madogo kiasi cha kufichwa. Amueni basi.

Watu wa kaunta, nawapenda, mnafanya kazi usiku wakati sisi tunacheka. Lakini bitasi ikiisha, niambie kabla hujamimina. Sitakasirika, nitaagiza Dawa. Na mtu akisema hanywi, mwonyeshe chupa kwanza.

Nyinyi mmewahi kuletewa nini badala ya mlichoagiza?