Chake Hakuna Kitu

Lipo neno ambalo watu wa mji wangu hupenda kulisema, nami kila nilisikiapo hunichoma: "Chake hakuna kitu." Vijana hulisema wakiwa na mabegi mabegani, wakingoja gari ya Mkoani wakapande boti ya Unguja. Wazee wenzangu hulisema barazani huku kahawa ikizunguka. Hata wakubwa wanaoshuka kwenye ndege asubuhi na kuondoka jioni hulisema, ila wao hulipamba kidogo: Chake ni mji wa ofisi tu. Mimi nasema neno hilo ni uongo. Na uongo huu hatukuletewa na mgeni; tumeutunga wenyewe, tukausomesha. Miongoni mwa waliousomesha, mimi nimo.

Nianze basi na kosa langu, maana si uungwana kumnyooshea mtu kidole hali mkono wako mchafu. Nilisomea ualimu Unguja, nikarudi Pemba kusomesha, kisha nikawa mwalimu mkuu kwa miaka mingi. Kila skuli ilipojaaliwa vijisenti, tuliwapeleka watoto Unguja kutazama Beit al-Ajaib. Walivuka bahari wakitapika njia nzima ili wakaone jumba la Sayyid Barghash. Halikuwa jambo baya. Lakini Pujini iko kiasi cha kilomita 10 tu kutoka Chake. Mtoto mwenye baiskeli huenda akarudi kabla ya adhuhuri. Sikumpeleka hata mtoto mmoja. Siku moja mwanafunzi alinyanyua mkono akaniuliza Mkama Ndume alikuwa nani. Nikamjibu kwamba hilo halimo katika mtihani, akae chini. Akakaa. Jawabu lile halijanitoka kooni mpaka leo.

Ningemwambia nini? Ningemwambia kwamba Mkama Ndume, kwa masimulizi ya wazee wetu, alikuwa mtawala mkali aliyewalazimisha watu kubeba mawe kichwani huku wakijiburuza kwa makalio. Ningemwambia juu ya kisima kilichojengwa ukuta katikati ili wake wenza wawili wasionane. Angecheka, kisha angekumbuka. Halafu ningemwonesha boma la udongo lililoizunguka ngome ile ya karne ya 15, na kumweleza kwamba wachimbaji wa mambo ya kale walikuta chini ya ardhi chumba chenye umbo la siwa lililochorwa kwa chokaa ukutani. Siwa ni pembe ya utawala. Basi hapa palikuwa na utawala, na dola, kabla Mreno hajatia nanga.

Na tukitazama magharibi, ng'ambo ya mikoko ya Wesha, ipo Ras Mkumbuu, yenye magofu ya msikiti mkubwa na makaburi ya minara. Msafiri wa Kiarabu al-Masudi alifika mwanzoni mwa karne ya 10 katika kisiwa alichokiita Qanbalu, akakuta Waislamu wanaosema lugha ya Wazanji. Wataalamu wengi wanaamini kwamba kisiwa hicho ni Pemba, na wengine huitaja Ras Mkumbuu yenyewe. Anayesema Chake hakuna kitu amekaa katikati ya Pujini na Ras Mkumbuu, amezipa mgongo zote mbili.

Ndani ya mji wenyewe tulikuwa na ngome ya karne ya 18, juu ya kilima, ikitazama mkono wa bahari ambako majahazi yalipanda na maji kujaa. Wakati wa Waingereza sehemu yake kubwa ilibomolewa ili ijengwe hospitali. Silaumu hospitali, mgonjwa hatibiwi kwa magofu. Kilichobaki leo ni makumbusho. Beit al-Ajaib ilipoporomoka sehemu mnamo Disemba 2020, watu wa nchi nyingi walihuzunika, na ilikuwa haki yao kuhuzunika, maana Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Lakini nawauliza watu wa Chake: ni wangapi kati yetu tumewahi kuingia katika makumbusho yetu, hali tunapita mlangoni pake kila siku kwenda sokoni?

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema historia ni ya watalii, sisi tunataka maendeleo. Ndugu yangu, maendeleo nayo yana historia. Kabla ya mwaka 2010 umeme wetu ulitoka kwenye majenereta ya Wesha, na kila mtu wa umri wangu anakumbuka giza lake. Mwaka huo ndipo waya ulipopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga. Wawi, hapa hapa mlangoni petu, ipo maabara ya Ivo de Carneri iliyofunguliwa mwaka 2000, ambayo uchunguzi wake wa minyoo na kichocho husomwa na madaktari wa nchi za mbali. Mtoto wa Chake hupita na chai maharage mbele yake akidhani ni ofisi nyengine tu. Asiyejua kilichokuwapo jana hajui hata kilichopo leo.

Wa pili atajibu kwa sauti ya chini, na huyu ndiye ninayemheshimu zaidi. Atasema: "Maalim, historia ya Pemba ni kidonda, usikitoneshe." Kweli ni kidonda. Kimbunga cha Aprili 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu ya Zanzibar kwa wingi ni karafuu ya Pemba. Lakini nani aliichuma? Biashara ya watumwa baharini ilipigwa marufuku mwaka 1873, watu wakaendelea kuletwa kwa magendo, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria ila mwaka 1897. Wakweka wa Uingereza wakafungua misheni yao Banani, si mbali na Chake, wakawapa kazi na makaazi walioachiwa huru. Wajukuu wa mabwana na wajukuu wa watumwa leo husali safu moja, na ni jambo la kushukuru. Ila hakuna anayewaeleza ilikuwaje.

Kisha kuna yaliyo karibu zaidi. Januari 2001 watu walioandamana kupinga uchaguzi wa mwaka uliotangulia walipigwa risasi hapa Pemba, na wengine wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Baadaye ukaja mwafaka, na mwaka 2010 kura ya maoni ikaleta serikali ya umoja wa kitaifa. Sisi waalimu tulifanya nini? Tulinyamaza, tukidhani ukimya ni dawa. Si dawa. Mtoto asiyesimuliwa skuli husimuliwa nyumbani, na kila nyumba ina kisa chake, kila chama kina chake, kila ukoo una wake wa kumlaumu. Tumeufanya mji huu kuwa wa kila mtu na chake kweli kweli. Kidonda kilichofunikwa bila kuoshwa huoza, na anayekiogopa zaidi ndiye atakayekatwa mguu.

Sidai mnara wala jumba jipya, na sitaki tume wala semina yenye posho. Nataka jambo dogo: kila skuli ya Chake, mara moja kwa mwaka, iwachukue watoto wake iwapeleke Pujini, na mara nyengine ngomeni, na Banani. Waulize watakalo, na mwalimu asimwambie hata mmoja akae chini. Mtoto akishaujua mji wake, na aende Unguja, Dar es Salaam au Muscat akatafute riziki, simzuii. Atakuwa anaondoka mahali, wala hatakuwa anakimbia utupu.

Nami mwenyewe nimo tayari. Magoti yangu mabovu, lakini kwa gari Pujini nafika, na ulimi bado mzima. Mwalimu yeyote anayenihitaji na aje barazani kwangu baada ya alasiri. Nina deni la jawabu moja, na ningependa kulilipa kabla sijaitwa.