TAA YA BREKI IKIFA, DEREVA HUKATWA MSHAHARA



Yuko tajiri mmoja wa malori, jina lake sitalitaja, aliyebandika karatasi katika ukuta wa gereji: "Dereva atajibu kwa taa zote za gari." Sisi tufanyao kazi kwake twaipita karatasi hiyo kila alfajiri. Mimi ni fundi wa umeme wa magari, na nasema karatasi hiyo ni uongo.

Mwezi uliopita lori letu moja la Kiingereza, kuukuu, lilikuwa likishuka mteremko wa Mai Mahiu na shehena ya mbao. Dereva alikanyaga breki. Breki zilishika, lakini nyuma hapakuwaka kitu. Pikapu iliyokuwa ikifuata ikagonga mkia wa lori. Taniboi wetu aliyekaa juu ya mbao alianguka akavunjika mkono. Dereva akashtakiwa, akatozwa faini, na mwisho wa mwezi tajiri akamkata mshahara sehemu ya kwanza ya gharama za pikapu. Alipouliza, akaambiwa asome ukuta.

Sasa sikilizeni habari ya taa zile. Dereva huyo alikuwa ameripoti mara tatu. Kila mara nilipewa pesa za balbu, basi. Nilipoomba waya, vichwa vya waya na nusu siku ya kazi, nikaambiwa lori haliwezi kulala. Twajua sote kwamba lori likilala halileti pesa. Lakini balbu haikuwa na kosa, na nilimwambia karani hivyo.

Nilijuaje? Ukiwasha taa za nyuma kisha ukakanyaga breki, badala ya taa kuongeza nguvu, zote zilififia. Ukiweka indiketa, taa ndogo za nyuma zilipepesa pamoja nayo kama zinacheka. Fundi yeyote aonaye hayo na akanunua balbu anatupa pesa za watu. Hiyo ni athi mbovu. Umeme umekwisha fika kwenye balbu, lakini njia ya kurudi kwenye betri kwa chasisi imezibwa na kutu, basi hupenya katika uzi wa taa nyingine kutafuta njia. Kulipima ni kazi ya dakika mbili: chukua kipande cha waya, gusa kikombe cha taa upande mmoja na chuma safi cha chasisi upande wa pili. Taa ikipata nguvu, umeukamata ugonjwa. Fungua skrubu, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga tena, paka grisi. Wala usikariri kwamba athi ni hasi siku zote. Magari mengine ya Kiingereza ya zamani yalifungwa chanya kwenye chasisi. Tazama betri kwanza.

Athi ilipopona, taa ndogo zilisimama vizuri, lakini za breki zilikataa pande zote mbili. Zikifa pamoja, usipoteze wakati nyuma ya gari. Nilitazama fyuzi. Katika magari mengi ya aina hiyo fyuzi moja hulisha breki, indiketa na waipa, na kwa kuwa indiketa ziliwaka, fyuzi ilikuwa hai. Nikaenda kwenye swichi ya breki, nikaunganisha waya zake mbili kwa mkono. Bado giza. Kama taa zingewaka hapo, swichi ndiyo ingekuwa mbovu. Hazikuwaka, maana yake umeme wapotea kati ya swichi na mkia.

Waingereza walikuwa na desturi nzuri ya rangi: kijani chenye mstari wa zambarau ni cha taa za breki, kijani na nyekundu ni indiketa ya kushoto, kijani na nyeupe ya kulia, nyeusi ni athi. Nikaufuata ule wa zambarau kwa taa ya kupimia. Chini ya kitanda cha lori rangi ikakoma, ukaanza waya mwekundu wa redio, umesokotwa kwa vidole na kufungwa karatasi ya nailoni. Ndani yake shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani.

Hapa lazima niwaseme na mafundi wenzangu, ingawa watanuna. Nani aliusokota waya ule? Mmoja wetu. Nani huziba fyuzi kwa karatasi ya sigara, au huweka balbu ya volti 12 katika lori la volti 24 halafu akashangaa ikilipuka? Twafanya hivyo kwa sababu twaharakishwa, kweli, lakini kila kiraka tusichokiandika popote humpa tajiri nafasi ya kusema gari lilikuwa zima. Balbu ya nyuzi mbili, ya wati 21 na 5, ina pini zisizolingana urefu makusudi ili isiingie kinyume. Nimeona mtu akiilazimisha kwa koleo. Ndugu huyo aache.

Turudi kwa tajiri. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yakataza gari bovu barabarani, na askari humkamata aliyeshika usukani; hakuna askari atakayepanda ofisini kuuliza nani alinyima pesa za waya. Lakini kukata mshahara ni jambo jingine. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inapotaja uharibifu yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyo mikononi mwake, ikiwa imeharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Waya uliooza chini ya lori ni kosa la makusudi la nani? Na pikapu ya mtu baki ilikuwa lini mali ya tajiri? Tena Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya 2007 vilevile, yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi mara aonapo hatari kubwa, na yamkataza mwajiri kumrudisha humo kabla hatari haijaondolewa. Dereva wetu aliarifu mara tatu. Kwa mdomo, kwa bahati mbaya.

Kwa hiyo madereva, kuanzia sasa andikeni. Kabla ya kutoka, mwombe taniboi asimame nyuma, kanyaga breki, weka indiketa kushoto na kulia. Kisichowaka kiandike katika daftari, tarehe na namba ya gari, nakala mbili, karani atie sahihi. Akikataa, taniboi atie sahihi kama shahidi. Na mafundi tuandike tulichoomba na tulichonyimwa. Mimi nimekwisha anza, na ukurasa wa kwanza ni wa lori lile: mita sita za waya, shilingi chache, saa tatu za kazi.

Sehemu ya pili ya makato inangoja mwisho wa mwezi huu. Tajiri hajajibu barua ya tawi. Dereva atakuja mkutanoni Jumapili na karatasi yake ya mshahara, na kila mwanachama aliyekatwa kwa ajili ya taa, kioo au tairi aje na yake.