Tuingiapo Wodini

Saa ya kuona wagonjwa ifikapo, sisi wa Dodoma hatuendi mikono mitupu. Tunabeba uji, ugali na mlenda. Tunamgeuza mgonjwa wetu, tunamwogesha. Wapo wanaotaka ndugu wazuiwe kabisa wodini ili maradhi yasienee. Hatukubaliani nao, kwani wauguzi ni wachache. Lakini tunaingia na vumbi la safari, tunamshika wetu, halafu tunaketi kitandani kwa jirani yake tukimpa mkono wa pole. Hapo vijidudu vya kidonda kimoja hupata njia ya kufika kidonda kingine.

Mwaka 1847, huko Vienna, Daktari Semmelweis aliwaagiza waganga waliotoka kupasua maiti waoshe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwazalisha akina mama. Vifo vya akina mama hao vilipungua sana. Na huku kwetu, mkoani Kagera mwaka 2023, ugonjwa wa Marburg uliua watu 6, mmoja wao mhudumu wa afya.

Tutaambiwa Dodoma ni kame. Ni kweli, ila kunawa hakuhitaji pipa zima: yatosha ndoo yenye koki mlangoni mwa wodi, na sabuni. Dawa ya spiriti ya kupaka mikononi husaidia maji yakikosekana, lakini si kwa mikono yenye uchafu, wala kwa anayemhudumia mwenye kuhara. Hospitali isiyo na ndoo hiyo, tuiulize. Tunawe tuingiapo, tunawe tena tutokapo. Na kama benchi hakuna, mgeni asimame.