Yungiyungi la Vilindini

Mwezi huu twashuka mahali ambapo nuru ya jua haifiki. Zamani wenye elimu wengi walisadiki ya kuwa vilindi vya bahari ni ukiwa mtupu. Bwana Edward Forbes, alipokuwa akikokota wavu katika Bahari ya Aegean mwaka 1841 na 1842, aliona ya kwamba kadiri wavu ushukavyo ndivyo viumbe wapunguavyo. Basi akakisia kuwa kupita pima 300, yaani kama meta 550, hapana kiishicho. Neno hili liliaminika upesi, maana huko kuna giza, baridi, na uzito wa maji usiokadirika. Nani angekaa humo?

Jibu lilitoka Norwei. Mwaka 1864 Georg Ossian Sars, aliyetumwa kuchunguza uvuvi wa visiwa vya Lofoten, alikokota wavu karibu na pima 300, kwenye mpaka ule ule wa Forbes, akapandisha kitu kama ua jembamba. Baba yake, Michael Sars, alikuwa padre wa mtaa pwani kwa zaidi ya miaka 20, akichungua wanyama wa baharini, hata mwaka 1854 akafanywa profesa mjini Christiania, ndio Oslo ya leo. Mzee huyo alikichunguza kitu kile kiungo kwa kiungo, na mwaka 1868 akatoa kitabu chenye habari zake. Alikiita Rhizocrinus lofotensis. Neno la kwanza limeungwa kwa maneno ya Kiyunani ya mzizi na yungiyungi.

Walakini si ua hata kidogo. Ni mnyama, ndugu yao kiti cha pweza na jongoo bahari. Urefu wake ni inchi chache tu. Chini ana vijizizi vya kushika tope, lakini havinywi kitu. Kazi yake ni ile ya nanga. Juu ya vijizizi husimama bua lenye pingili nyingi kama muwa, kila pingili ngumu kwa chokaa, nyembamba kiunoni, nene ncha zote mbili. Tazama ufundi wake: kila ncha ina ukingo mdogo, na ukingo wa ncha ya juu haukulala sawa na ule wa chini, bali umegeuzwa. Kwa hiyo kiungo kimoja hukunjika upande huu, na kinachofuata upande mwingine, na bua zima huweza kuinama kote kote na mkondo wa maji. Ndani ya bua hamna misuli. Pingili zimefungwa kwa kano, na katikati hupita tundu jembamba lenye mishipa ya fahamu.

Bua huishia kwenye kikombe kidogo, na hapo ndipo ulipo mwili wenyewe. Kinywa kimeelekea juu, tofauti na kiti cha pweza atambaaye kifudifudi. Utumbo huzunguka ndani ya kikombe na kurudi juu, hata njia ya kutokea taka iko jirani na kinywa, jambo ambalo mpishi yeyote angelikataa. Macho hana. Kituo kikuu cha fahamu kimo katika kitako cha kikombe. Mikono kwa kawaida ni mitano, ingawa huonekana wenye sita au saba. Ina vitawi kama unyoya, na kila kitawi kina mfereji wenye vidole laini vya majimaji. Vidole hivyo hunasa chembe ziletwazo na maji, na mfereji huzisukuma mpaka kinywani. Basi giza halimdhuru: yeye hawindi, hungoja riziki iletwayo na mkondo.

Jamaa zake ni wa kale mno. Katika kisiwa cha Lindisfarne, Uingereza, pingili za namna hii zilizogeuka mawe huokotwa ufuoni, na watu wakaziita shanga za Mtakatifu Cuthbert, kwa kuwa zina tundu na zaweza kutungwa uzini.

Profesa Wyville Thomson wa Uingereza alikwenda Norwei, akamwona mnyama huyu kwa macho yake, akarudi na kuomba merikebu za serikali. Mwaka 1869 merikebu Porcupine ilishusha wavu katika Ghuba ya Biscay hata pima 2,435, zaidi ya mara nane ya mpaka wa Forbes. Ulipopandishwa, ndani yake mlikuwa na yungiyungi mwingine, mwenye bua na mikono yake.